Vichuguu vya Kalisto

Nimestaafu, na ninyi mnaobaki karakanani mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, si nilivyopanda cheo. Ombi hilo ni jepesi, maana vyeo vyenyewe havikuwepo. Niliingia fundi wa zana za kufundishia, nikatoka fundi wa zana za kufundishia. Katikati walibadilisha jina la idara mara kadhaa, na kila mara mimi ndiye niliyepaka rangi kibao cha mlangoni. Kwa hiyo nitaandika habari za udongo, karatasi na nta, na habari ya mwezi mmoja wa mbali sana ambao nusura utufukuzishe sote kazi.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Namtumbo kwa ajili hiyo tu. Karakana ilikuwa chumba kirefu nyuma ya kituo cha walimu, dirisha moja kubwa upande wa kushoto, sufuria ya kuchemshia karatasi mlangoni. Ndani alikaa Mzee Haule, bwana wa karakana, akikwangua kibuyu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekuja kuoa?”

“Hapana, mzee. Nimeletwa kazini.”

“Basi vua hilo shati kabla halijakulilia.”

Alinipa picha ya milima ya Matogoro na donge la udongo, akaniambia nifinyange nilichokiona. Nikanyoosha mkono kuchukua udongo. Akanipiga kofi dogo la vidole.

“Bado. Chora jua kwanza.”

“Jua gani, mzee? Picha haina jua.”

“Picha haina jua lakini ina vivuli. Tafuta jua lilikuwa upande gani, ulichore hapo pembeni kwa penseli. Kabla hujashika udongo, chora jua.”

Nilichora kiduara chenye miale, kama watoto wanavyochora. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na moyoni nilisema huyu mzee ananirudisha chekechea. Lakini nilitii, na nikaendelea kutii miaka yote aliyokuwa pale. Kila picha iliyopita mezani kwangu ilipata jua lake pembeni. Tabu ni kwamba meza yangu ilikuwa chini ya lile dirisha la kushoto, na picha nyingi nilizipiga mwenyewe au nilizipanga mwenyewe zikae vizuri na mwanga wa dirisha. Ikawa mkono unachora jua kushoto bila kuuliza. Mzee Haule alistaafu, baadaye akafariki, na sikuwahi kumwambia kwamba jua lake nilikuwa nalichora kama mtu anayejibu salamu huku akitazama kwingine. Hilo nalijutia. Mtaona kwa nini.

Niwaambie kidogo vifaa vya wakati ule, maana ninyi mna gundi ya kopo. Sisi tulitumia uji wa unga wa muhogo. Magazeti yalilowekwa, yakachemshwa, yakatwangwa kwenye kinu mpaka yakawa rojo, kisha yakachanganywa na uji. Tufe la kwanza nililotengeneza nililijenga juu ya kibuyu. Lilikuwa zuri sana, isipokuwa Tanzania ilienea mpaka karibu na Misri, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyelalamika. Miezi michache baadaye mende walikula Australia yote. Bahari hawakuigusa, kwa sababu nchi kavu niliipaka uji mwingi zaidi. Tangu hapo tukatia mrututu kwenye uji, ule wanaotumia wenye kahawa, na mende wakaenda kutafuta riziki nyingine.

Kulikuwa pia na mwalimu wa Nakapanya aliyetaka mlima wa volkano unaotoa moto. Nilimtengenezea kwa karatasi. Ulitoa moto, wote, mara moja. Aliniletea majivu kwenye mfuko ili nione mwenyewe. Nilimtengenezea mwingine wa udongo, na kuanzia siku hiyo sikumpa mtu chombo ambacho sikukijaribu kwanza.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilikuja na mambo yake. Maduka ya mtaa wa Lizaboni, hapa Songea, yaliyokuwa na sabuni na kibiriti tu yakajaa redio, vioo, mitumba, rangi za kila namna. Jasi, ile poda nyeupe inayogandishwa kwa maji, tuliyokuwa tukiiomba Dar es Salaam tukasahauliwa, sasa ilipatikana kwa mfanyabiashara wa jirani. Tulifurahi. Hatukujua kwamba mfanyabiashara huyohuyo alikuwa ameshakitazama chumba chetu akaona ghala zuri la saruji. Aliomba akodishiwe. Wakubwa hawakuona ubaya: vifaa vya kufundishia sasa vingenunuliwa madukani kama kila kitu kingine, karakana ya nini? Tukaambiwa kutakuwa na maonyesho ya walimu wa mkoa, mkaguzi wa elimu atakuja, na atakachokiona siku hiyo ndicho kitakachoamua kama chumba kitakuwa chetu au cha saruji.

Wakati huo nilikuwa na mwenzangu mmoja tu, Mwalimu Ndunguru. Alikuwa kijana wa Mbinga, Mmatengo, mwalimu wa jiografia aliyehamishiwa kituoni kwa sababu alipokuwa shuleni aliuliza maswali mengi kwenye vikao. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na hakuweza kupita mbele ya jiwe bila kuliokota.

Yeye ndiye aliyekuja na wazo. Padre mmoja wa misheni alikuwa amempa gazeti la nje lenye picha za sayari ya Mshtarii na miezi yake, zilizopigwa na vyombo vilivyotumwa huko bila watu. Aliingia karakanani mbio akalitandaza mezani.

“Fundi Ngonyani, tufe la dunia wameshaliona. Ramani ya mkoa wameshaiona. Tumuonyeshe mkaguzi kitu ambacho hakuna duka linauza.”

“Kitu gani?”

“Barafu. Miezi ya barafu.”

“Mwalimu, hapa Songea barafu yenyewe watu wanaiona kwenye soda.”

“Ndiyo maana!”

Kwa siku nyingi alinifundisha huku mimi nikitwanga karatasi, na nakiri zilikuwa siku tamu kuliko zote za kazi yangu. Aliniambia huko kuna baridi ya zaidi ya nyuzi mia moja chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo barafu haiwi tena kitu cha kuteleza na kuyeyuka, inakuwa mwamba. Ina milima, nyufa na mabonde kama mwamba wetu. Hewa ni kama hakuna, kwa hiyo hakuna upepo, hakuna mvua, hakuna sauti. Jua linaonekana dogo kama tundu la sindano lenye moto, na mahali pake angani pamekaliwa na Mshtarii, mkubwa, umening'inia palepale siku zote.

Mwezi unaoitwa Europa ulinishangaza zaidi. Uso wake ni laini, karibu hauna mashimo, ila umechorwa mistari ya kahawia kila upande. Baadhi ya mistari ni matuta mawili sambamba yenye mfereji katikati.

“Hii naijua,” nikamwambia. “Hii ni barabara ya Tunduru baada ya malori ya masika.”

Ndunguru alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaeleza: Europa unapouzunguka Mshtarii mara unakaribia kidogo, mara unaenda mbali kidogo, na mvuto unaubana na kuuachia, unaubana na kuuachia. Ngozi yake ya barafu inapasuka, na wataalamu wakashuku kwamba chini ya ngozi hiyo kuna maji, bahari nzima gizani. Uso ni laini kwa sababu unajifanya upya, makovu ya zamani yanafutika.

Maneno hayo ya kubana na kuachia yaliniingia mkononi. Nilichukua bladda ya mpira wa miguu, nikaijaza upepo kiasi, nikaichovya kwenye nta nyeupe ya mishumaa mara kadhaa mpaka ikapata ganda. Ilipopoa nikaunganisha pampu ya baiskeli nikapiga kidogo. Krr. Ufa ukakimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha mwingine ukaukata. Nikaachia upepo, nikapiga tena. Nyufa zikazaliana. Tulitazamana kama watu waliookota pesa. Jaribio la pili nilipiga pampu kwa furaha nyingi mno, bladda ikapasuka, nta ikatapakaa kwenye shati. Mke wangu, Mama Rosi, aliliangalia jioni ile akasema, “Huu mwezi wenu utafuliwa na nani?”

Sasa Kalisto. Huo ni mwezi mwingine wa Mshtarii, mweusi, mzee, wa barafu na mawe, haujajifanya upya. Katika gazeti picha yake ilichukua ukurasa mzima: duara juu ya duara, makubwa na madogo, kila duara upande mmoja unang'aa na upande mwingine una kivuli. Maandishi yaliyokuwa chini yake yalikuwa yamechanika na ukurasa wa nyuma. Ndunguru aliniachia picha akaenda Madaba kuwaalika walimu wa huko, akalala kwa jamaa zake. Nikabaki peke yangu na kazi niliyoipenda.

Pembeni mwa picha, kushoto, kulikuwa na ukanda mweusi usio na kitu. Haukuingia kwenye fremu yangu. Nikauchukulia mkasi, nikaukata, nikautupa kwenye debe la karatasi za kuchemsha. Kisha nikaiweka picha mezani chini ya dirisha, nikachukua penseli, nikachora jua. Kushoto.

Na picha ikanifunukia. Yale maduara yote yalikuwa vilima. Vichuguu! Kwetu Namtumbo, ukitoka mashamba ya tumbaku kuelekea porini, unakutana na mbuga nzima ya vichuguu, vikubwa kwa vidogo, kimoja ubavuni mwa kingine. Niliona nyumbani. Nilichanganya rojo na jasi, nikajenga juu ya ubao wa ukubwa wa mlango, nikafinyanga kichuguu baada ya kichuguu kwa kufuata picha, kikubwa hapa, vidogo vitatu pale, kila kimoja mahali pake. Nilikuwa naimba. Nilipomaliza nilipiga vanishi, ikakauka ngumu kama kaure, na pembeni nikachonga kwa kisu: KAZI YA NGONYANI. Ndunguru sikumtaja. Yeye alileta gazeti tu, nilijiambia.

Aliporudi kutoka Madaba alisimama mlangoni, begi bado begani.

“Fundi. Ni nini hiki?”

“Kalisto.”

“Kalisto ina vilima?”

“Tazama picha mwenyewe.”

Akaitazama. Akautazama ubao. Akaanza kucheka polepole. “Mzee wangu, hizi ni ngoro.”

Kwa asiyefika Mbinga: ngoro ni mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko ya milima, yamejipanga safu kwa safu, mazao yanapandwa kwenye kingo na maji ya mvua yanakaa shimoni badala ya kukimbia na udongo. Ukiutazama mlima wa Wamatengo kwa mbali, umejaa vidimbwi vya kivuli.

“Mmatengo wewe,” nikasema, “ukiwekewa hata sahani ya ugali utasema ni ngoro.”

“Na ninyi wa Namtumbo mkiona hata mkate mnaona kichuguu! Fundi, haya ni mashimo. Mawe ya angani yameupiga huo mwezi toka zamani za zamani. Barafu safi imetoka chini, ndiyo hiyo inang'aa kwenye kingo.”

“Kinachong'aa ni upande wa jua. Jua liko kushoto. Nimelichora.”

“Nani kakwambia liko kushoto?”

Hapo nilikasirika, na nilisema maneno ambayo mpaka leo nayaona yamekaa kwenye kile chumba. Nilimwambia nilikuwa nafinyanga milima ya mkoa huu wakati yeye ananyonya, na kwamba mtu aliyefukuzwa shule moja kwa ubishi asije akaniharibia karakana. Alinyoosha mkono taratibu, akaigeuza picha juu chini.

Vichuguu vyote vikazama. Sina namna nyingine ya kueleza. Sikupepesa macho, lakini vilima nilivyovitazama siku zote hizo vilidumbukia ndani, vikawa mashimo. Niliirudisha picha, vikapanda. Nikaigeuza, vikashuka.

“Sasa ipi ni kweli?” nikauliza, na sauti yangu ilikuwa imeshuka navyo.

“Tunahitaji kujua jua lilikuwa wapi. Picha ilikuwa na ukingo. Upande mmoja ulikuwa unaingia usiku. Ukanda mweusi. Uko wapi?”

Nilikwenda kwenye debe. Shukuru Mungu sikuwa nimechemsha. Tulimwaga magazeti yote sakafuni, tukapekua kwa magoti, na Ndunguru ndiye aliyeuona, umelowa, umejikunja kama ganda la ndizi. Tukauunganisha na picha. Ulikaa kushoto. Usiku ulikuwa kushoto. Na kama usiku ulikuwa kushoto, jua lilikuwa kulia, na mimi nilikuwa nimelichora jua katikati ya usiku wa manane.

Nilikaa kwenye kigoda cha Mzee Haule. Maonyesho yalikuwa juma lilelile. Jasi ya kujenga upya ubao wa namna ile haikuwepo, wala muda. Nilichokuwa nacho ni mlango mzima wa kosa, uliopigwa vanishi vizuri, wenye jina langu.

“Mwalimu,” nikasema, “nisamehe maneno yale.”

“Maneno gani?” akasema, akiendelea kukusanya magazeti. Huyo ndiye Ndunguru. Kisha akasimama juu ya vichuguu, akavipapasa kwa kiganja. “Vimekaa vizuri lakini. Vingekuwa ndani ungekuwa umemaliza.”

Vingekuwa ndani. Niliisikia kauli hiyo kwa mikono kabla ya masikio. Nilishawahi kuona mafundi wa matofali wa misheni wakifyatua: kilichotokeza kwenye kalibu, lile umbo la kufyatulia, kinaingia kwenye tofali. Nilichukua sabuni na mafuta ya kupikia, nikapaka vichuguu vyote. Nikavitandazia rojo laini la karatasi na kiasi kidogo cha jasi kilichobaki, nikakandamiza kila pembe, nikatia matambara ya kuupa ubao nguvu. Tuliuacha ukauke kwa jiko la mkaa likizungushwa chini, tukilinda lisiunguze, maana habari ya mlima wa Nakapanya nilikuwa sijaisahau.

Ulipokauka tulishika kila mmoja upande wake, tukavuta. Uling'ang'ania, ukalia, kisha ukaachia kwa ghafla mpaka Ndunguru akaanguka matakoni akiwa ameukumbatia. Tukaugeuza.

Ngoro. Mashimo kila mahali, makubwa kwa madogo, yenye kingo kali na sakafu laini. Kalisto.

“Mama wee!” akapiga kelele Ndunguru. “Na kalibu bado nzima! Tunaweza kutoa mwingine!”

Tulicheza pale ndani kama watoto. Niliona tu kwamba pembeni mwa ubao mpya jina langu lilikuwa limetokeza kinyumenyume, halisomeki. Nikasema nimepata ninachostahili, nikachukua patasi nikalikwangua. Nililikwangua, nikapuliza vumbi, nikaendelea kushangilia. Jina lile lilikuwa linajaribu kuniambia jambo, na mimi nikalinyamazisha. Mtu anaweza kukosea kitu kilekile mara mbili kwa juma moja, ilimradi awe na furaha ya kutosha.

Siku ya maonyesho uwanja wa kituo ulijaa walimu. Walitoka Tunduru, Mbinga, Namtumbo, na wa Madaba walikuja na nyimbo. Mfanyabiashara wa saruji naye alikuja, akawa anapima chumba chetu kwa hatua huku akijifanya anatembea. Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani, asiyesema anachofikiri.

Tulianza na Europa. Ndunguru alieleza, kisha akampa mkaguzi pampu.

“Mimi nipige?”

“Piga taratibu, mheshimiwa. Wewe ndiye Mshtarii.”

Akapiga. Ufa ukakimbia, nta ikalia. Akapiga tena. Walimu wakasogea mpaka meza ikatikisika. Mwalimu mmoja mama, wa Namtumbo, Mwalimu Zuhura, akasema, “Subhanallah, na chini yake kuna maji kweli?” Ndunguru akajibu wanashuku hivyo. Mkaguzi hakuachia pampu. Ilibidi nimuombe, maana nilikumbuka shati langu.

Kisha tukafunua Kalisto. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Wamatengo wakapiga vigelegele, “Ngoro! Ngoro!” Mkaguzi akainama, akatia kidole katika shimo moja. Akachukua picha iliyokuwa ukutani, akaishika karibu na ubao. Akatazama kimoja, akatazama kingine, muda mrefu.

“Fundi, shimo hili kubwa. Kwenye picha liko kulia. Kwako liko kushoto.”

Nilitazama. Lilikuwa kweli. Siyo hilo tu, yote. Kilichokuwa kulia kilikuwa kushoto, kuanzia pembe hadi pembe. Jina langu la kinyumenyume likanijia usoni kama mtu uliyemfukuza mlangoni akarudi na askari. Mfanyabiashara wa saruji akatabasamu.

Ningeweza kusema picha imechapishwa vibaya. Wazo lilinijia, sitaficha. Lakini Ndunguru alikuwa amesimama pembeni yangu, na nilikuwa nimechoka kuwa sahihi.

“Ni kosa langu, mheshimiwa,” nikasema. “Na siyo la kwanza.” Nikasimulia yote. Jua la Mzee Haule, mkasi, ukanda mweusi, vichuguu, ngoro, kalibu, jina. Nilieleza kuwa kitu kikifyatuliwa kinatoka kimegeuka, kama uso kwenye kioo, na kwamba ningefikiri ningejua. Nilivyokuwa nasimulia walianza kucheka, na mimi nikaona hakuna namna nyingine ila kucheka nao.

“Kama uso kwenye kioo?” akauliza Mwalimu Zuhura. Alifungua mkoba wake, akatoa kioo cha mkononi, akakisimamisha ukingoni mwa ubao. “Basi tazameni humu.”

Mkaguzi akainama. Ndani ya kioo Kalisto ilikuwa imekaa sawasawa, shimo kubwa kulia, vidogo vitatu mahali pake, kama picha. Na pembeni yake miwani yake mwenyewe ikimtazama.

Akainuka. “Ile kalibu ya vichuguu ipo?”

“Ipo, mheshimiwa.”

“Inatoa ubao mmoja tu?”

“Inatoa mwezi kila rojo likikauka.”

Akageuka kwa yule wa saruji, akamwambia kwa upole sana, “Ndugu yangu, utafute ghala kwingine. Humu wanafyatua miezi.”

Kelele zilizopigwa hapo nadhani zilifika Matogoro.

Tulifyatua Kalisto za shule nyingi za mkoa huu, kila moja na kioo chake kwenye sanduku, na somo likawa zuri kuliko kama tungepatia mwanzoni: watoto walitazama ubao, wakatazama kioo, wakatazama picha, wakabishana. Pembeni nilichonga upya kwenye kalibu, safari hii kwa herufi za kinyume ili zitoke zikisomeka: NDUNGURU NA NGONYANI. Miaka baadaye nilipopita kukagua nilikuta vioo vingi vimepotea. Mwalimu mmoja wa Nakapanya alikiri kioo cha shule yake anakitumia kunyolea ndevu. Nilimwambia si neno, alimradi ndevu zake anajua ziko upande gani.

Ndunguru alirudi shuleni kufundisha, kama alivyotaka siku zote. Siku naagwa alikuja, mvi kichwani, akaniambia wanafunzi wake sasa wanaona picha mpya za Europa kwenye simu, na zile nyufa bado zinafanana na barabara ya Tunduru ya zamani. Kwa maneno yale nilimwomba radhi tena, mbele ya watu. Akasema tena, “Maneno gani?”

Zawadi mliyonipa ilikuwa ile kalibu. Nimeitundika sebuleni kwangu Lizaboni. Dirisha liko kushoto, mlango uko kulia. Asubuhi mwanga unaingia dirishani, naona vichuguu vya Namtumbo. Jioni jua linazunguka, linaingia mlangoni, na kwa jicho langu lililozoea jua la kushoto vichuguu vinazama kimoja kimoja, na ukuta mzima unakuwa ngoro. Mama Rosi hupita na chai akaniuliza leo ni nini. Namwambia asubiri, nachora jua kwanza.